Watoto Wote Kiwanjani

Rodah Chepkemoi alikwenda Londiani akidhani anakwenda kukaa kwenye benchi na kusikiliza. Kanisa lake, huko karibu na Mogogosiek kwenye mashamba ya chai, lilimchagua kwa kuwa alikuwa mwalimu wa nasari, na aliambiwa tu kwamba ni semina ya viongozi kuhusu watoto. Mwaka huo wa 1996 semina zilikuwa nyingi, na nyingi ziliishia kwa chai na mandazi. Lakini asubuhi ya kwanza mkufunzi, mwalimu mstaafu kutoka Kisii aitwaye Gekara, aliwatoa nje kwenye nyasi zenye umande, akawaambia wavue viatu na kila mtu asimame kwa mguu mmoja. Rodah, mama wa watoto wanne na mwenye mwili wa kutosha, aliyumba akamkamata mchungaji aliyekuwa kando yake, wakaanguka wote wawili.

Gekara hakucheka. "Mwili nao husomeshwa," alisema. "Mtoto hajui kurusha, kudaka, kuruka na kutua mpaka mtu amwonyeshe, halafu amwachie nafasi ya kukosea. Asiyejua kusoma tunampeleka shule. Huyu mwingine tunamcheka tu, basi anakaa kando maisha yake yote."

Rodah alirudi nyumbani na maumivu ya mapaja na kazi ya kufanya: atafute viongozi wa kijijini, awafundishe, nao wawafundishe watoto. Aliwapata wanne. Mzee Johana wa kanisa. Mosoti, mtu wa Kisii kama Gekara, karani wa banda la kupimia majani ya chai. Phanice, mama aliyewalea watoto wa wachumaji kule kwenye estate, shamba kubwa la chai la kampuni. Na Kipkemoi, kijana aliyeongoza kwaya. Walikutana Jumamosi, maziwa yakiisha kupelekwa, kwenye kiwanja cha lokesheni, cha watu wote wa eneo hilo. Rodah alipowaambia waruke juu ya kamba, Mzee Johana aliegemea fimbo yake.

"Mwalimu, mimi nimezaa watoto saba. Hakuna hata mmoja nilimfundisha kukimbia. Walikimbia tu."

"Wote saba, mzee?"

Johana alianza kuhesabu kwa vidole, akafika cha mwisho. "Chepkirui hakukimbia," alisema hatimaye. "Yeye alikuwa anakaa nyumbani na mama yake."

"Kwa nini?"

"Walikuwa wanamcheka. Alikuwa anaanguka anguka." Halafu aliiweka fimbo chini, akainama, akaanza kufungua kamba za viatu. Hakuna aliyethubutu kumsaidia.

Watoto walikuja wengi kuliko Rodah alivyotarajia. Wengine walikuwa wepesi kama swara, wakitoka mbio hata kabla ya kuambiwa. Wengine walisimama kando ya ua wa kiwanja wakisubiri kufukuzwa. Miongoni mwa hao alikuwa Kemuma, msichana wa miaka tisa aliyekuja na Phanice. Tangu akiwa mdogo, kazi yake ilikuwa kumbeba mdogo wake mama akiwa shambani, na sasa hata mgongo ukiwa mtupu alikimbia ameinama mbele, mikono nyuma, kana kwamba mtoto bado yuko pale. Siku ya kwanza wenzake walimwiga wakicheka. Phanice aliwakusanya wote, akamfunga kila mmoja gunia lenye nyasi mgongoni, akawaambia wakimbie hadi goli na kurudi. Waliporudi wakihema, aliwauliza nani bado anataka kucheka. Baadaye yeye na Kemuma wakasimama wakirushiana mpira wa makaratasi ya nailoni, karibu karibu kwanza, kisha mbali kidogo, kisha mbali zaidi. Mpira ukipaa juu, Kemuma alilazimika kunyoosha mgongo ili aufikie.

Habari zilifika kwa Diwani Sitonik. Yeye ndiye alikuwa mwenyekiti wa kamati ya kiwanja, na siku hizo kila mwanasiasa alitaka kusimama kando ya mkimbiaji ili apigwe picha. Alikuja na gari lake jeupe, akatazama kidogo, akamwita Rodah kando.

"Chamgei, mwalimu," alimsalimu kwa lugha ya nyumbani. "Umefanya kazi mzuri. Kuna wageni wanakuja mwezi ujao, watu wa kudhamini michezo. Nataka unichagulie wale wako na mbio. Hao nitawanunulia viatu."

"Na hawa wengine, mheshimiwa?"

"Hawa wengine ni wa nini? Hapa kwetu mtoto anazaliwa akijua kukimbia. Yule hajui, hajui. Wacha akachume majani."

Rodah alikuwa mtu wa kuheshimu wakubwa. Hata jina la diwani alilitaja kwa sauti ya chini. Sasa aliisikia sauti yake mwenyewe ikitoka wazi.

"Mheshimiwa, wale wenye mbio hawanihitaji. Mimi nilienda kusomea hawa wengine."

"Mwalimu," diwani alisema, bado akitabasamu, "kiwanja ni cha kamati."

Jioni hiyo viongozi walikaa jikoni kwa Rodah kuzungumza. Kipkemoi alisema wamkubalie diwani. Viatu ni viatu, alisema, na kuna vijana hapa wangeweza kufika mbali wakipata mtu wa kuwashika mkono. Hakusema kwa ubaya, na Rodah alijua kuna ukweli ndani yake.

"Hao vijana nawapenda," alimjibu. "Wakipata viatu nitafurahi. Lakini siwezi kumwambia Kemuma atoke uwanjani ili mgeni asimwone. Nikifanya hivyo, nitakuwa nimemfundisha hilo tu, na atalishika kuliko yote."

Mosoti, ambaye kwa kawaida alizungumza kidogo, alisema, "Mimi nimekaa nchi hii miaka mingi nikiambiwa hapa si kwetu. Mtoto asiambiwe hivyo kuhusu mwili wake mwenyewe." Kipkemoi aliaga vizuri, na kesho yake akaanza kuwafanyisha mazoezi wale wenye mbio asubuhi mapema, peke yao.

Siku ya wageni ilipofika, Rodah alikuja na watoto wote. Walivaa sare za shule, wengine miguu mitupu, wakajipanga katikati ya kiwanja. Chini ya hema wageni walikuwa wakinywa soda. Diwani aliwaona, akachukua kipaza sauti.

"Wale wa timu ya Kipkemoi wabaki. Wengine watoke nje ya kiwanja tafadhali."

Watoto walimtazama Rodah.

"Kaeni chini," aliwaambia.

Wakakaa kwenye nyasi. Rodah akakaa nao. Phanice akakaa. Mosoti, aliyevaa suti yake ya kanisa, alikunja suruali kidogo magotini, naye akakaa. Diwani alirudia maneno yake kwa sauti kubwa zaidi, kisha akamtuma askari wa utawala. Askari alifika, akasimama mbele ya Mzee Johana, ambaye ndiye pekee aliyebaki wima.

"Mzee, mwambie mwalimu awatoe."

"Wewe ni mtoto wa nani?" Johana aliuliza.

Askari akataja jina la baba yake.

"Namjua. Mwambie diwani Johana amekataa. Kisha umsalimie baba yako."

Wageni walitaka kujua kuna nini, na diwani aliwaeleza jambo kwa Kiingereza, akicheka. Wale wa timu wakamfuata Kipkemoi, na mbio zikakimbiwa pembeni, kuwazunguka watoto walioketi. Kila mara kundi la Kipkemoi lilipopita, waliokaa walipiga makofi, kwa kuwa walikuwa ndugu zao. Viatu vikatolewa. Wageni wakaondoka. Hakuna mgeni aliyekuja kumuuliza Rodah chochote, na hilo lilimuuma kuliko alivyotaka kukubali.

Jumamosi iliyofuata walikuta geti la kiwanja limefungwa kwa kufuli jipya. Watoto walilishika, wakalitikisa, wakamtazama mwalimu wao. Mosoti alitoa ufunguo wa banda la majani mfukoni. Siku hiyo hapakuwa na upimaji, na sakafu ya saruji ilikuwa imeoshwa.

"Kamati yenu ya banda itakufuta kazi," Rodah alimwambia.

"Wakinifuta watanifuta nikiwa nimefanya kitu," Mosoti alisema, akafungua.

Kamati ilimwita kweli, ikamwonya. Aliwasikiliza kwa adabu, na Jumamosi iliyofuata akafungua tena. Hakufutwa. Wakulima wenyewe walikataa, maana watoto waliokuwa wakiruka mle ndani walikuwa wao. Akina mama wawili waliokuwa wakikaa nje kungoja watoto waliingia ndani kuona. Phanice akawapa kamba waishike, na mwishoni mwa mwezi nao wakawa na makundi yao.

Banda likawa dogo. Ikabidi kundi moja lihamie kwenye barabara ya murram, ya udongo wa changarawe, inayopita kati ya mashamba ya chai. Johana ndiye aliyelisimamia: waruke mistari aliyoichora vumbini kwa fimbo, mmoja baada ya mwingine, watue kwa miguu yote miwili, magoti yakiwa laini. Siku moja walikuwa katikati ya zoezi hilo wakati gari jeupe lilipokunja kona, likapiga honi.

Watoto wakaanza kukimbilia kwenye chai.

"Rudini," Rodah alisema. Alitembea hadi mbele ya gari, akainua mkono kama askari wa trafiki. Alimwona diwani nyuma ya kioo, mkono wake ukiwa bado kwenye honi. "Malizeni. Polepole. Hakuna haraka hapa."

Wakamaliza, hata yule mdogo kabisa aliyeogopa mstari wa mwisho, akasimama, akafikiri, akarudi nyuma, akajaribu tena. Honi haikulia mara ya pili. Alipotua, Rodah alishusha mkono, akasogea ukingoni, akampungia diwani apite. Gari likapita polepole, vumbi likawafunika wote.

Rodah alijipangusa uso kwa kitambaa, akaita kundi linalofuata.