Joho Lenye Bega Lililolala

Tangu mume wangu afe, watu wa kanisani wamenichosha. Mtu anaingia kibandani kwangu kupunguza sketi, na kabla sijamzungushia futi kiunoni ameshaanza: jikaze, Mungu ana makusudi yake, Mungu alimpenda zaidi. Mdomoni nimebana pini, siwezi hata kumjibu. Basi nikaacha kwenda ibadani. Nikiulizwa, nasema kazi zimenizidi. Mungu, kama anasikia, anajua kuwa ni uongo na sababu yake anaijua.

Mume wangu alikuwa sauti ya nne kwenye kwaya, wakimwita Ngurumo. Kwa hiyo mwalimu wa kwaya aliponiletea jora la kitambaa cha bluu nishone majoho mapya, nilitaka kumfukuza. Lakini alinitajia tu idadi, akaondoka bila kunihubiria. Kwa hilo peke yake nikaikubali kazi. Joho halina mambo mengi: refu, pana, mabega yamenyooka. Nilikata na kushona huku nimenuna.

Jumamosi asubuhi wifi yangu, dada yake Ngurumo, ambaye naye ni mwimbaji, alikuja kunisaidia kupiga pasi. Akavaa joho moja refu kwa utani, amwigize kaka yake anavyokohoa kabla ya kuimba. Akajitazama kwenye kioo, akaacha kukohoa.

"Wifi, hili limekwenda upande. Bega la kulia limelala."

Nikamvua, nikalitandaza mezani. Ngurumo alibeba magunia ghalani tangu ujana wake, bega la kulia likashuka. Kila shati nililomshonea nililishusha upande huo vidole viwili, ili limkae vizuri. Mikono yangu haikuniuliza. Ilikuwa imemkatia marehemu joho.

"Mungu wangu," wifi akasema, nusura akalie pasi.

"Huyo usinitajie."

Nilikasirika. Kitambaa kimekwisha, kesho kwaya inaimba, na mtu aliye hai atakosa joho kwa ajili ya mtu aliye kaburini. Ilibidi nilifumue lile bega na kulikata upya. Nikashika mkasi. Nikauweka. Nikaushika tena.

"Nipe nikusaidie," wifi akasema.

"Ukiligusa tutakosana."

Mwalimu wa kwaya akatukuta hivyo. Sikumpa hata nafasi ya kuketi. "Nimekuharibia joho moja. Nimekata la Ngurumo. Kuna mtu wako kesho hana."

Akaanza kuyagawa majoho, akimtaja mwenyewe wa kila moja, wifi akiyakunja. Kila mwimbaji akapata lake. Likabaki lile lililokuwa mezani.

"Haiwezekani," nikasema. "Nimeshona idadi uliyonipa."

"Ndiyo, shemeji. Pale dukani nilikonunua kitambaa nilifumba macho, nikawahesabu wanavyosimama, safu kwa safu. Nilipotoka kwako na kufika nyumbani ndipo nikagundua kuwa nimemhesabu na yeye. Nikaona aibu kurudi kukwambia."

"Sasa nifanye nini nalo?" Nilikuwa napiga kelele. "Niambie, si ninyi ndio wenye majibu!"

"Kila Jumapili tunakiri kwamba wafu watafufuka. Maneno hayo nimeyasema tangu utotoni, mbiombio, kama mtu anayewahi chakula. Siku hizi nikifika hapo nakwama. Kama ni kweli, basi hesabu yangu haikukosea. Na mimi nataka iwe kweli."

Akabeba mzigo wake, akaenda. Hakuniambia nijikaze.

Kesho yake nilikaa benchi la nyuma, joho mapajani. Wimbo sikuimba. Wengine walipoinama kusali, nilimwambia Mungu waziwazi: sijapoa, umenichukulia mtu wangu na hujaniambia kwa nini. Waliposimama kukiri imani nilibana midomo, hadi walipofika kwenye ufufuo wa wafu. Hapo mdomo wangu ukafunguka, sauti ikatoka kubwa, ya hasira, watu wa mbele wakageuka. Nikalia. Kwa mara ya kwanza tangu mazishi, kulikuwa na kitu ninachokingoja.

Nyumbani nililitundika joho nyuma ya mlango. Wifi akaniuliza kwa nini nisilinyooshe tu lile bega, maana huko aliko Ngurumo habebi tena magunia.

"Liache hivyo hivyo," nikamwambia. "Siku hiyo ya kufufuka watu watakuwa wengi. Nataka nimtambue."