Miraba Arobaini na Minane

Wivu wa Mwalimu Wening haukuwa wa kupiga kelele. Alikuwa mtu wa hesabu, akaona wivu kwa hesabu, na huo ndio wivu mbaya kuliko yote, maana hauna wa kuubishia.

Ulianza na karatasi. Mumewe, Giyanto, aliendesha lori la mayai kutoka bohari iliyoko nje kidogo ya Salatiga mpaka Semarang na kurudi. Mwenye lori, aliyechoshwa na mayai kuvunjika, alifunga kifaa cha kupima mwendo, na kila Jumamosi madereva walipewa grafu zao waone walivyokimbiza. Giyanto hakuziangalia. Alizitupa jikoni zifungiwe tempe, ile soya iliyochachushwa, ya kukaanga. Mkewe ndiye aliyezisoma, kwa sababu mtu aliyesomesha fizikia miaka kumi na miwili hawezi kuiona grafu ya kasi na wakati akaipita hivi hivi.

Siku zote zilifanana isipokuwa Jumatano. Jumatano, katika safari ya kurudi, mstari ulishuka hadi sifuri kwa dakika kumi, ukapanda, ukanyooka kwenye kilomita arobaini kwa saa kwa dakika tisa, kisha ukaanguka tena na kulala kwenye sifuri dakika ishirini na tano. Halafu dakika tisa nyingine za arobaini. Jumatano tatu mfululizo.

Arobaini kwa saa, dakika tisa: kilomita sita. Hakuhitaji kalamu. Kutoka njia panda mpaka kijiji cha Kalipucung ni kilomita sita kamili, na Kalipucung ndiko kwao Sulastri, ambaye zamani nusura aolewe na Giyanto. Mambo yakajipanga yenyewe. Zile dakika kumi anasimama njia panda kumnunulia matunda. Zile ishirini na tano anakula kwake, pengine anacheka. Wiki nzima Wening alimpakulia mumewe wali huku amenuna, na alipoulizwa kulikoni, alijibu kwamba kichwa kinamuuma.

Jumatano ya nne akaibeba karatasi moja kwenda nayo darasani. Jina la dereva na namba ya lori alikwisha kuvikata kwa mkasi. Aliwaambia wanafunzi kwamba grafu za kitabuni zimekufa, hii ni ya lori la kweli likirudi kutoka Semarang, akaichora ubaoni. Hakusema uongo, ila hakusema yote. Alitaka kuisikia hukumu kutoka vinywa visivyokuwa vyake.

Alianza kwa kuuliza ni wapi lori lilisimama. Danang, kijana asiyejua kunyamaza, akajibu kwamba limesimama pale juu mstari ulipokuwa bapa.

"Limesimama kwa kasi ya arobaini?" Wening akamuuliza. "Basi nawe leo urudi nyumbani umesimama."

Darasa zima likacheka. Akawaeleza kwamba mstari bapa kule juu ni mwendo usiobadilika, na aliyesimama yuko chini kwenye sifuri. Umbali, akasema, ni eneo lililo chini ya mstari, na kwenye grafu hii kila mraba ni kilomita moja, kwa hiyo wahesabu miraba ya kile kinundu cha karibu na mwisho. Wakahesabu. Sita, wakasema wote kwa sauti moja. Moyo ukamchoma, na ndani ya kuchomwa huko mlikuwa na raha chungu ya mtu aliyejua tangu mwanzo.

Hapo Pramesti akanyoosha mkono. Alikuwa msichana mkimya wa mstari wa mbele, asiyeuliza mpaka awe na jibu.

"Mwalimu, kabla ya kinundu kuna miraba arobaini na minane."

"Nani kakuambia uihesabu?"

"Hakuna, Mwalimu. Lakini hizo kilomita sita, ni sita kutoka wapi?"

Wening akageukia ubao akahesabu mwenyewe, mraba kwa mraba. Arobaini na minane. Kutoka Semarang mpaka njia panda ni thelathini tu. Arobaini na nane ni mpaka bohari. Lori lilikuwa limepita njia panda bila hata kupunguza mwendo, na zile dakika kumi za matunda zilikuwa za kushusha trei tupu bohari. Kama mwanafunzi angefanya kosa hilo, kuokota kipande cha grafu na kuacha kilichotangulia, angemchorea mstari mwekundu wa nguvu.

Wivu haukumtoka, ulihama nyumba tu. Kama si Sulastri, nani basi yuko kilomita sita kutoka bohari? Nyumba yao ilikuwa jirani na bohari, na njia ya kutoka pale aliijua, aliipita kila asubuhi. Kilomita sita, mpaka kwenye geti la shule hii.

Akatazama saa ya ukutani. Saa saba na robo. Kwenye grafu, lori lilisimama saa saba na dakika kumi. Akaenda dirishani.

Lori la mayai lilikuwa ng'ambo ya barabara, mbele ya duka la fotokopi. Giyanto alikuwa ndani, kidevu juu ya usukani, macho kwenye geti.

Wening akatoka na karatasi yake mkononi, akavuka barabara.

"Baba Laras, unamvizia nani hapa?"

Giyanto alishtuka, kisha akakaza uso. "Namngoja huyo wa pikipiki nyekundu. Kila Jumatano saa saba na nusu unapanda nyuma yake, unacheka. Ukirudi kwangu, kichwa kinauma."

"Hardo? Hardo ananishusha kwenye mkutano wa walimu. Mkewe ndiye katibu wetu."

"Mimi simjui mkewe. Mimi nimekuona unacheka."

Hasira ilimpanda, na pamoja nayo furaha iliyomtia haya. Mwanamume huyu anaacha mapumziko yake kuja kuchemka ndani ya lori amhesabie dakika.

"Na wewe," Giyanto akasema, "umejuaje kama niko hapa?"

Angeweza kuificha ile karatasi, lakini mkono wa mumewe ulikwisha kunyooshwa dirishani kuichukua. Giyanto akaona kinundu kilichozungushiwa wino mwekundu. Akaigeuza. Nyuma yake palijaa mahesabu ya wiki tatu kwa mwandiko wa mkewe, na jina moja lililoandikwa na kukatwa, likaandikwa na kukatwa tena.

"Sulastri?" akasoma polepole. "Sulastri alimfuata mumewe Kalimantan, mwaka wa tatu huu."

Dirishani darasani vichwa thelathini na viwili vilikuwa vinatazama. Wening akanyoosha mkono arudishiwe karatasi yake, lakini Giyanto aliikunja mara nne, akaitia katika mfuko wa shati.

"Mama Laras," akasema, "miaka kumi na minne ya ndoa, hii ndiyo barua ya kwanza uliyoniandikia."