Hujagonga Mtu

Mwanaheri alikuwa na ulimi ambao Makambako nzima iliufahamu, na mwaka ule ulipata kazi ya kutosha. Mumewe Halfan, mwenye lori lake mwenyewe, Isuzu chakavu la kubebea viazi, alikuwa amegeuka kichekesho cha stendi. Akitoka Njombe na mzigo, tairi likidunda kwenye shimo, anasimama. Anashuka, anarudi nyuma kwa miguu, anachungulia mtaroni, anamtafuta mtu aliyemgonga. Hakuna mtu. Anapanda, anakwenda kidogo, anajiambia labda hakuangalia vizuri, anageuza lori zima na viazi vyake na kurudi tena. Safari ambayo wenzake waliifanya asubuhi wakarudi kula mchana majumbani kwao, yeye ilimla siku nzima.

Akifika nyumbani ndipo zamu ya Mwanaheri inapoanza.

"Mama Safina, sijagonga mtu kweli?"

"Hujagonga mtu."

Yeye aliyeshinda jikoni akipepeta mchele ndiye aliyekuwa shahidi wa barabara ya Njombe. Halfan alishusha pumzi, akala matonge mawili, akauliza tena. Mwanaheri akajibu tena. Alijibu wakila, alijibu akifua, alijibu akiwa msalani, na akajisifu moyoni kwamba hakuna mwanamke mwingine Makambako ambaye angevumilia. Alimpenda yule mwanamume, huo ndio ukweli, ingawa ukimuuliza angekukata jicho.

Waliomtia hasira ni waganga wa bure. Mji mzima ulikuwa na tiba moja: usiwe na wasiwasi. Madereva wa Zambia waliokuwa wakipita tu, hata jina lake hawalijui, walimwambia ondoa wasiwasi kaka. Imamu, mkusanya ushuru, mama muuza chapati, wote walimwambia mtu anayeumwa wasiwasi aache wasiwasi, kisha wakaondoka wametuna kama waliomtoa risasi mwilini. Mwanaheri alisonya mpaka midomo ikamuuma.

Halafu kulikuwa na Abdulsalam. Huyu juzijuzi tu alikuwa akiuza spoku na minyororo ya baiskeli, lakini serikali ilipofungua milango ya biashara, na kila mwenye kibanda akawa mfanyabiashara, naye akapaka ukuta rangi nyeupe, akachora msalaba wa kijani bila kujali kwamba ni Mwislamu, akavaa koti jeupe lililotoka kwenye mitumba na jina la mtu mwingine kifuani. Akampa Halfan vidonge vyeupe bila kumuuliza kitu. Halfan alilala na usukani mkononi, akaliingiza lori kwenye shamba la mahindi la watu. Alipozinduka, wasiwasi wake ulikuwa pale pale ukimsubiri, na safari hii ulikuwa na sababu. Mwanaheri alivimwaga vile vidonge chooni, akaenda dukani kumwambia Abdulsalam kwamba hata minyororo ya baiskeli alikuwa akiuza mibovu.

Shemeji yake akaleta kombe, aya zilizoandikwa kwa zafarani na kuoshwa kwa maji, mgonjwa anywe. Mwanaheri hana ugomvi na Kitabu. Ila Halfan alipomaliza kunywa alianza kujiuliza kama tone halikuanguka chini akalikanyaga, akashinda juma zima akifuta sakafu. Tangu hapo akawa na maswali mawili, na Mwanaheri akajibu yote mawili.

Mwisho akaamua kusafiri naye. Akikaa kando yake ndani ya lori, alifikiri, atamjibu pale pale barabarani na mume hatahitaji kushuka. Ikafaa mpaka siku waliyokwenda Yakobi, ng'ambo ya mji wa Njombe, kununua viazi kwa mkulima mmoja aitwaye Bertila. Barabara ya kule ni udongo mtupu, na chini kidogo ya nyumba ya Bertila kuna shimo ambalo kila mwaka diwani huahidi kulifukia. Tairi la nyuma likaingia. Mwanaheri akasema hujagonga mtu kabla hajaulizwa, lakini haikusaidia. Halfan alikwisha shuka, kainama mtaroni, anapapasa majani kwa mikono. Akamuuliza mama mmoja aliyepita na kuni kama hapa hakuna maiti.

Watu wa Yakobi nao walikuwa na maelezo yao tayari. Miaka ile mtu akinunua lori, majirani hawakuuliza alifanya kazi wapi, waliuliza alimtoa nani kafara. Mtu wa mjini, mgeni, ana lori, anatafuta maiti mtaroni: lori lake linadai damu, naye amekuja kuikusanya. Werevu gani huo, Mwanaheri alisema baadaye, kwamba mchawi aje mchana kweupe, apige honi, kisha aulizie maiti kwa adabu. Lakini wakati ule hakusema kitu, kwa sababu majembe yalikuwa yameshawazunguka na kijana mmoja alikuwa ameokota jiwe.

Bertila aliteremka mbio, rozari ikimcheza shingoni, akasimama kati yao na Halfan. Aliwaambia kwa Kibena maneno mengi ambayo Mwanaheri hakuyaelewa, ila aliona mikono ikishuka. Kisha akamgeukia kwa Kiswahili.

"Dada, mumeo mgonjwa. Mpeleke hospitali ya misheni, wana daktari wa mambo ya kichwa. Lakini nakwambia mbele ya Mungu, akishuka tena hapa kuchungulia mtaro, mimi sitaweza kuwazuia."

Kwa Mwanaheri, hospitali ya misheni ilikuwa mahali pa kujifungulia, na daktari wa kichwa alikuwa wa watu wanaookota makopo. Akaenda hivyo hivyo, amejifunga khanga ya pili juu ya sweta kwa baridi ya Njombe, na dharau ameivaa kama khanga ya tatu. Daktari Clemens alikuwa mtu mnene mwenye mafua, na hakuonekana kumfurahia mtu yeyote. Alimsikiliza Halfan mpaka mwisho bila kumkatiza. Hata mara moja hakumwambia asiwe na wasiwasi, na kwa hilo tu Mwanaheri akamwongezea heshima kidogo.

Ugonjwa huu, alisema, una jina refu la kizungu ambalo halitawasaidia kitu. Kwa Kiswahili ni wasiwasi, na hapo ndipo shida inapoanzia, kwa sababu kila mtu anadhani anaujua. Angempa kidonge ambacho hupewa pia watu wenye huzuni iliyozidi. Anywe kila siku bila kuruka, aanze kwa kidogo. Kitamkausha mdomo na kumfunga choo, na wiki za mwanzo ataona hakifanyi lolote. Mpaka mwili ukizoee, usukani ashike mwingine. Nusu ya pili ya dawa haikuwemo kwenye chupa: apite juu ya shimo asirudi, aanze na mashimo madogo. Hofu itapanda, itamtoa jasho, na asipoilisha itashuka yenyewe.

Kisha akapenga kamasi, akamtazama Mwanaheri.

"Akikuuliza kama amegonga mtu, unamjibu?"

"Namjibu kila mara," Mwanaheri alisema, kifua mbele. "Sijawahi kuchoka."

"Basi mama, wewe ndiye duka lake la dawa. Unamuuzia kidonge cha dakika tano, kikiisha anarudi kununua. Kuanzia leo funga duka."

Mwanaheri alisonya njia nzima mpaka Makambako. Yeye, afananishwe na Abdulsalam wa minyororo. Alimtukana yule daktari kimoyomoyo, na mafua yake, na misheni yake, na usiku alilia kwa hasira kwa sababu alijua ni kweli.

Wakafunga duka. Dereva wa kukodi alishika usukani, Halfan akanywa vidonge na maji mengi, na akiuliza, mkewe alisema, "Hilo swali la ugonjwa, silijibu." Halfan aliomba, alinuna, alimwita hana huruma. Baada ya miezi kadhaa alianza kuuliza kama mtu anayegonga mlango anaojua umefungwa. Akarudi kwenye usukani, akapita mashimo ya Makambako, kisha ya Mjimwema kule Njombe. Siku moja asubuhi akasema anaiweza Yakobi, na Mwanaheri akapanda kando yake.

Watu walikuwa shambani wakipalilia viazi. Walipoliona lori walinyanyua migongo, majembe mikononi, wakatulia. Bertila alitoka akasimama mlangoni kwake, na hakuteremka.

Tairi la nyuma likaingia shimoni, likatoka. Halfan akakanyaga breki. Mkono wake ukaenda kwenye kitasa cha mlango ukakaa hapo, na jasho likamteremka mashavuni.

"Mama Safina. Nimegonga mtu?"

Jibu lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Maneno mawili tu, na asingeshuka, na majembe yangerudi ardhini. Mwanaheri hakuwahi kuogopa hivyo maishani mwake. Alimwona daktari Clemens akilini, akamtukana mara nyingine.

"Silijibu, Baba Safina," alisema.

Halfan alikaa na mkono kwenye kitasa. Alikuwa akihema kama aliyepanda mlima. Kisha mkono ukatoka pale, polepole, ukashika gia, na lori likaondoka.

Mwanaheri alishusha pumzi. Na hapo hapo, katikati ya furaha, kitu kikamchoma: mbona safari hii kishindo kilikuwa kizito? Ikiwa kweli? Ikiwa leo, siku aliyokataa kusema, kuna mtu kalala pale? Alijua ni upuuzi, na kujua hakukumsaidia. Aligeuka, akang'ang'ania dirisha, akaangalia nyuma mpaka kona ilipolificha shimo, na kwa mara ya kwanza, baada ya mwaka mzima wa kujibu, akaelewa mumewe alikuwa akiuliza nini.

"Unatafuta nini huko nyuma?" Halfan aliuliza.

Akageuka mbele, akajifunga vizuri khanga yake.

"Endesha," alisema.