Jamvi Kitandani kwa Kalista

Mvua ya mwaka ule haikujua kuondoka. Mpunga ulikuwa umeshavunwa, na kila nyumba pale Chimala ilikuwa na magunia mabichi yaliyoanza kunuka. Kwa hiyo homa ya Kalista ilipopanda asubuhi, mama mkwe wake alitandika jamvi kitandani, akamwaga mpunga na kuusambaza kwa kiganja hadi ubavuni mwa mgonjwa. Kabla ya chakula cha mchana ulikuwa umekauka. Akauzoa, akamwita jirani naye alete wake.

Homa hiyo Kalista aliirithi kwa baba yake, Nkuba, ambaye kule Usukumani walikuwa wakikaushia ngozi za ng'ombe mgongoni mwake. Ilikuja ikamvimbisha viungo na kumkata tumbo, ikaondoka, ikarudi. Zahanati walimpa klorokwini kila mara, bila mafanikio. Wanunuzi kutoka Iringa waliusifu mchele uliokaushwa kwake kwa kuwa haukukatika mashineni. Hakuna hata mmoja aliyeuliza anaumwa nini, na hilo linaudhi.

Antoni, mumewe, ndiye aliyempeleka Mbeya. Daktari alimpa vidonge vidogo vyeupe, akamweleza kwamba juu ya figo kuna tezi zinazotengeneza kitu kama dawa hiyo.

"Ukiimeza, tezi zako zitalala. Usije ukaacha ghafla, mama. Utaanguka."

Alimeza. Uso ukajaa ukawa mviringo, njaa ikamwandama, homa ikakoma. Kwa mara ya kwanza tangu aolewe alilima mpaka jioni, tena huku anaimba.

Kijijini mpunga ukaanza kuota ndani ya magunia. Majirani walikuja kumjulia hali, wakamgusa paji la uso, wakaondoka wamenuna.

"Mama Seni, hizi dawa utameza mpaka lini?" mama mkwe aliuliza.

"Mpaka daktari aseme, mayu," Kalista alijibu, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Haya. Sisi tutakula mpunga uliooza."

Siku moja Kalista alirudi kutoka shambani akamkuta Seni, bintiye aliyekuwa ndiyo kwanza ameacha ziwa, amelazwa anawaka. Ubavuni mwake palikuwa na ungo wa mpunga, umeshakauka.

"Ni ungo mmoja tu," bibi yake alisema. "Ana moto mzuri, wa kwenu."

Kalista aliutoa ungo nje. Aliyajua maumivu yale, na moyo ulimuuma kuliko viungo vilivyowahi kumuuma. Vidonge vilivyobaki havikutosha watu wawili. Alikivunja cha kwake, akakisaga kwa kijiko, akamnywesha mwanawe na maziwa, yeye akakaa bila. Kesho yake akafanya hivyohivyo.

Seni alipoa, akaomba ugali. Kalista akaanguka mlangoni. Kwanza alikuwa baridi, wakaogopa. Kisha homa ikapanda, wakatulia. Antoni alisema atafute gari la kumrudisha Mbeya. Mama yake akamwambia asubiri kwanza mpunga wa majirani uishe. Antoni akakaa.

Mama mkwe hakuwa mtu mbaya. Alileta jamvi, akaleta na uji, akaupuliza upoe.

"Seni msimguse, mayu," Kalista alisema.

"Tumguse wa nini, mwanangu? Si wewe upo."

Nje watu walikuwa wameshajipanga na magunia yao, wakiuliza hali yake. Kalista alisogea ukutani ili jamvi lienee.