Mrija wa Kijani

"Umeshashukuriwa, dada! Ukurasa wa mwisho wa kitabu changu, jina lako lipo. Unataka nini tena, upigiwe tarumbeta?"

"Nimeshukuriwa pamoja na dereva na mpishi, Daktari. Dereva aliendesha gari. Mpishi alipika. Mimi nilifanya nini?"

"Ulisaidia."

Mama Mamba, kama wenzake walivyomwita kituoni, akaitazama mikono yake. Miaka mitatu alipiga magoti nyuma ya madume ya mamba yaliyofungwa taya na kuzibwa macho kwa gunia bichi, wanaume watano wakiyakalia mgongoni, naye akiingiza kidole kwenye tundu la chini ya mkia na kukanda polepole mpaka mbegu zitoke. Daktari alisimama nje ya uzio, viatu vikimeta, kalamu mkononi. Sasa kalamu imezaa kitabu, kidole kimeambulia shukrani.

"Wageni wanamalizia chai," Daktari akasema, sauti ameishusha. "Niyeyushie mrija mmoja wa mbegu za Kibogoyo, waone mbegu zikiogelea. Halafu utupishe, chumba chenyewe kidogo."

Kibogoyo, dume mzee, alikufa mwezi uliopita. Ilibaki mirija yake minne tu, imegandishwa katika mtungi wa naitrojeni. Hakuna kidole kitakachomkanda tena.

"Yeyusha mwenyewe. Si umeandika namna ya kufanya?"

"Kwani kuna nini? Maji ya nyuzi thelathini na saba, sekunde kumi. Hata mtoto anaweza."

Tarakimu zile zilikuwa za Mama Mamba, za mwezi wa kwanza, alipomchukulia mamba kama ng'ombe na kuua kila mbegu aliyoigusa. Joto sahihi, la chini zaidi, aliliandika baadaye kwa wino mzito upande wa ndani wa mlango wa kabati, na tarehe, na jina lake. Daktari alinakili daftari lake la mwezi ule. Kabati hakuwahi kulifungua. Mwizi wa mbegu hajui msimu.

Neno moja lingemwokoa Daktari. Lilimfika Mama Mamba ncha ya ulimi, akalimeza, na utamu wake ukamshangaza. Kilichomsitisha ni ile mirija minne ya Kibogoyo. Lakini mwenye hasira naye huchagua cha kuchoma.

Akavaa glavu, akafungua mtungi. Moshi mweupe ukatambaa hadi miguuni. Akaipita ile minne, myekundu, akachomoa mmoja wa kijani: wa Mpangaji, dume kijana aliyekuwa anaota jua nje wakati huohuo, na ambaye wiki ijayo angetoa mbegu nyingine bila kinyongo.

"Huu hapa. Fuata ulivyoandika."

"Unaona? Tukielewana, kazi inakwenda."

Wageni wakaingia. Daktari akauzamisha mrija, akahesabu kwa sauti kama mnadi wa mitumba. "Kumi!" Akadondosha tone kwenye kioo, akakisukuma chini ya hadubini. Mama Mamba akakaza kifuniko cha mtungi. Hakutoka. Alisogea tu kando ya kabati.

Mgeni mmoja, mama mwenye mvi, akainama. Akazungusha kirungu cha hadubini. Akazungusha tena.

"Daktari," akauliza kwa upole, "zinaanza kuogelea saa ngapi?"

Mama Mamba akaushika mlango wa kabati, akaufungua taratibu mpaka ukagota ukutani.