Tulivyoenda Matanga ya Admini

Valarie hakuwahi kuniona, lakini kila asubuhi alinisalimia. Simu ni yangu. Ya binti yangu Joyline ilikuwa imeharibika, kwa hivyo alijiunga na grupu la WhatsApp kwa namba yangu. Lilikuwa la kampuni moja ya kupaki mboga nje ya Nakuru, la watu wanaotafuta kazi, na Valarie ndiye admini. Aliwaita familia. "Familia, tuambieni ndoto zenu." "Familia, leo tupige picha tukitabasamu." Joyline alikuwa akijipaka mafuta, akisimama mbele ya mlango wetu hapa Kaptembwo, akitabasamu, na ndani jiko halijawashwa. Tangu mvua ianze hadi ikaisha, hakuna aliyeitwa kazini.

"Hawa watu wanawatakia nini?" nilimuuliza.

"Mum, wanatujua kwanza. Wakitaka watu, wanachukua wale wamechangamka. Tafadhali usiniharibie."

Siku moja Valarie akaandika kwamba babake, Mzee Kihara wa Kabazi, ameaga, kwa hivyo atachelewa kujibu. Watu wakatuma picha za machozi na mikono ya kuomba. Nikakasirika. Mume wangu alipokufa, waliobeba mzigo wangu ni wale waliokuja wakakaa na mimi. Mtu akikuita familia, halafu afiwe, unaenda. Nikabonyeza pale pa sauti nikasema: "Mimi ni Mama Joyline. Alhamisi twende Kabazi tumfariji dada yetu. Kila mtu abebe kile Mungu amemjalia."

Joyline aliposikia alishika kichwa. "Mum! Futa!"

Lakini watu walikuwa wameshaitikia.

Tulienda wachache. Masinde, kijana mrefu wa hilo grupu, alibeba sukari, mimi majani chai. Joyline alitembea nyuma kama hanijui. Tukaingia boma tukiimba. Mjane wa Kihara akanishika mikono, akauliza tumetoka wapi.

"Sisi ni familia ya Valarie ya kazi."

Uso wake ukafunguka. "Vale! Njoo, watu wako wamefika!"

Valarie akatoka jikoni, akatuangalia vile mtu huangalia wezi. Akanivuta hadi nyuma ya tangi la maji.

"Mathe, nani amewaleta hapa?"

"Ni wewe. Ulituambia babako ameaga."

"Mmekuja kuomba kazi kwa matanga ya babangu? Hamna aibu?"

"Kazi sijataja. Nimeleta majani."

"Rudi na majani yako! Hiyo familia ni jina ya grupu tu."

Masinde alikuwa ametufuata. "Na kazi, boss? Hiyo pia ni jina tu?"

"Hakuna kazi! Haijawahi kuwako! Kampuni inataka watu wakae karibu, ikiwahitaji siku moja isihangaike kutafuta. Mmeridhika?"

Masinde akacheka vibaya. "Kumbe sisi ni kuku wa kufungiwa, na sikukuu yenyewe haijapangwa."

"Tokeni kwetu!"

"Nitatoka nikimaliza kuomba na mamako," nikamwambia. "Yeye amefiwa pia, na hajanifukuza."

Nikarudi, nikamwombea yule mama, wanawe na wajukuu. Valarie nikamruka. Mungu anajua kwa nini.

Hatukuwa tumefika barabarani simu ikalia. Valarie alikuwa ameniondoa kwenye grupu. Joyline, aliyekuwa amekaa na wasichana wa jikoni wakati huo wote, alisoma mara mbili.

"Umenimaliza, Mum."

"Hakuna cha kumaliza. Amesema kwa mdomo wake hakuna kazi. Masinde amesikia."

"Amefiwa! Ana hasira! Wewe ulipofiwa ulikuwa unasema maneno ya maana?"

Nikachukua simu yangu, tukaendelea kutembea.

Tulipofika nyumbani hakuvua viatu. Alienda kwa Fancy, jirani yetu, ambaye yuko kwenye grupu lakini hakuja Kabazi, akamwomba simu. Ukuta wetu ni wa mabati. Nilimsikia akitaja neno moja moja, Fancy akimwandikia Valarie: kwamba anaomba msamaha, kwamba mama yake hakusoma sana, kwamba yeye bado yuko tayari wakati wowote.