Mweke Chini

Watu wa Kulabu walipohamia Kililana kulima, kisiwa kizima cha Amu kilivuka kwenda kuwacheka. Walikuwa Wazungu, lakini Wazungu wa namna yao peke yao. Wanaume walinyoa masharubu wakaacha ndevu, kama mtu aliyeanza kazi akaitwa na wageni. Wanawake walivaa vitambaa vyeusi vya kichwa na magauni yasiyo na ua hata moja. Kifungo cha nguo kwao kilikuwa majivuno, kwa hiyo walifunga nguo zao kwa kulabu ndogo za chuma. Hata watoto wa kitambaa waliochezewa na binti zao hawakuwa na nyuso.

"Vifungo hawana, nyuso hawana, ngoma hawana," alisema Swafiya, aliyetoka mjini kumtembelea dada yake Batuli shambani. "Sasa wameyavuka maji yote yale kuya kufanya nini? Kununa?"

Batuli alicheka mpaka akashika mbavu. Alikuwa mjane, mtu mzima mwenye wajukuu, na shamba lake la ufuta lilipakana na lao.

Kisha masika yakamwezulia paa. Kabla hajamaliza kuokota makuti, wanaume wa Kulabu walikuja na boriti na kamba, wake zao na vyungu vya maharage, na jua halijatua nyumba ikawa imeezekwa. Hawakungoja hata ahsante. Lizbeti, mke wa Yakobo, alikuwa na mimba kubwa, na bado aliinama akamfagilia Batuli sakafu.

Tangu siku hiyo Batuli hakuwacheka. Lizbeti alipojifungua mtoto wa kiume, Batuli alimshonea kijishati cheupe chenye vifungo vya chaza. Lizbeti akamvalisha mwanawe siku ya ibada, mbele ya watu wote.

Mzee Samweli, baba yake Yakobo na mkuu wa watu wale, aliviona vifungo. Lizbeti akavikata. Haikutosha. Alitakiwa apige magoti, aseme kuwa zawadi ile ilitoka kwa shetani.

"Ilitoka kwa Bi Batuli," alijibu Lizbeti, na magoti hakupiga.

Basi wakamtenga. Batuli aliyaona kwa macho yake alipompelekea uji wa mzazi. Watu wote wa nyumba ya Mzee Samweli walikuwa kwenye meza kubwa, na Lizbeti peke yake kwenye kimeza pembeni. Wala hawakumpigia kelele. Walikuwa wapole kama maji ya mtungini, na upole huo ndio uliomchefua Batuli. Hakuna aliyepokea kitu mkononi mwa Lizbeti. Akikata mkate, auweke kwanza, aondoe mkono, ndipo mtu auchukue.

Mtoto akalia. Yakobo akanyosha mikono. Lizbeti akainama, akamlaza mwanawe sakafuni, akarudi nyuma, na baba mtu akamwokota kama mtu aokotavyo nazi.

Batuli alimfuata Yakobo nje.

"We Yakobo, mato yako yazima?"

"Mazima, Bi Batuli."

"Nami nadhani umekuwa kipofu. Mwanao wamuokota tini?"

"Ni sheria. Baba amesema."

"Na maziwa je? Si yatoka kwa mama yake huyo huyo? Mtengeni na mtoto basi, mumlaze kwenye kimeza!" Alimtazama toka juu hadi chini. "Mwanamume mzima, mabega kama mlango, hofu ya baba imekujaa mpaka kooni."

Yakobo alikwaruza udongo kwa kiatu. Batuli alitema mate kando, akenda zake.

Siku ya ibada iliyofuata ilikuwa ya kuombewa watoto wachanga. Watu wa Kulabu walikusanyika uani kwa Mzee Samweli, na mvua ilikuwa imeacha matope. Batuli alisimama nje ya ua. Kila mama alimpa mzee mtoto wake mkono kwa mkono. Zamu ya Lizbeti ikafika.

"Mweke chini," alisema mzee kwa sauti ya upole.

Lizbeti aliyatazama matope, akamtazama mwanawe.

"Simweki chini tena. Anayemtaka ampokee mkononi mwangu."

"Basi hatapokewa. Wala hakuna kati yetu atakayembeba."

Lizbeti alibaki amenyosha mikono. Yakobo aliangalia viatu vyake. Wale mahodari wote, waliopandisha boriti za Batuli wakiimba, hakuna aliyejua kunyanyua mtoto wa uzito wa papai. Batuli aliona dharau ikimpanda kama kiungulia. Alitaka kuingia ampokee yeye, lakini alijua mikono yake isingesaidia kitu. Ilitakiwa mikono ya mmoja wao.

Bi Ana, mke wa Mzee Samweli, ndiye aliyesogea. Batuli alikuwa hajapata kumsikia akisema. Alifuta viganja kwenye gauni lake, akapita mbele ya mumewe, akampokea mjukuu kutoka mikononi mwa mama yake. Akamfunika kichwa kwa kitambaa chake.

"Ana," alisema mzee, "umejitenga mwenyewe."

"Nimesikia," alisema Bi Ana.

Jioni Batuli alipeleka mkate wa kumimina nyumbani kwao. Kimeza kilikuwa na watu wawili sasa, mkwe na mkwewe, na mtoto katikati. Kwenye meza kubwa Mzee Samweli alikaa na Yakobo, na mbele yao hapakuwa na kitu, maana mpishi wa nyumba alikuwa Bi Ana, naye sasa hapokewi kitu mkononi.

Bi Ana aliinuka, akapakua uji katika bakuli la mzee. Mzee alisahau, akanyosha mkono kupokea. Bi Ana akainama taratibu, akaliweka bakuli sakafuni, akarudi nyuma.

Mzee alilitazama bakuli lile. Batuli alijiziba mdomo kwa leso. Uji ulikuwa ukitoa mvuke miguuni pa mzee, na mgongo wake haukuwa wa kuinamainama.

Yakobo aliinuka. Batuli alidhani anakwenda kumwokotea baba yake. Lakini alichukua kiti chake, akalizunguka bakuli, akenda kukaa kwenye kimeza. Lizbeti alimsogezea mtoto, na Yakobo akampokea mkononi.

Nyuma yao mzee alianza kuinama.